Zawadi ya Nta na Mrehani

Hapana shaka yoyote ya kuwa katika mambo yanayotia mapenzi baina ya watu, zawadi imo katika yaliyo mbele. Imepokewa katika Al-Adab al-Mufrad, kitabu cha Imam Bukhari, kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliwahimiza watu wapeane zawadi ili wapate kupendana. Wala hakuweka sharti ya thamani. Katika Sahihi yake Imam huyo huyo amepokea kwamba Mtume aliwaonya wanawake wa Kiislamu wasikidharau cha kumpa jirani, ijapokuwa ni ukwato wa kondoo. Maneno haya kila mmoja wetu ameyasikia mimbarini na darasani. Walakini tukizitazama nyumba zetu, khasa zinapokaribia sikukuu, twaona mambo yakienda kinyume: zawadi iliyokusudiwa kuwakurubisha watu imekuwa ndiyo inayowatenga.

Aliye nacho huingia dukani akanunua kisanduku kilichopambwa, akakipeleka kwa mwenzake aliye nacho kama yeye. Asiye nacho hujitenga. Haendi arusini, haingii nyumba ya mzazi aliyejifungua, na siku ya Idi hukaa ndani akisema anaumwa na kichwa. Hana chuki na mtu wala hana kiburi. Aona haya tu kwenda mikono mitupu. Basi kidogo kidogo undugu hukatika, na wala hapana aliyegombana na mwenziwe.

Sisi tunaoandika maneno haya tumesomesha chuoni hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 30, na elimu yetu haipiti Qur'ani na skuli ya msingi. Hatukuja kutoa fatwa. Twataka kuwaeleza wasomaji, wazazi na vijana, jambo moja dogo tulilolijaribu kwa mikono yetu: kutengeneza mishumaa ya nta yenye harufu ya majani ya uani, na kuitoa kuwa zawadi. Huenda mtu akasema, "Mishumaa tu?" Na asubiri asome mpaka mwisho.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1440, yaani mwaka 2019. Wanafunzi wetu wa kike walikuwa wamepatana wenyewe kwamba siku ya Idi Mosi wakutane chuoni na kila mmoja ampe mwenziwe zawadi. Jambo hilo lilitupendeza, kwani watoto walilizua wao bila ya kushurutishwa. Ilipoingia kumi la mwisho, binti mmoja, mwenye umri wa miaka 12 hivi, akawa haonekani. Siku ya kwanza tulidhani amefunga na kiu imemshinda. Siku ya tatu tukatuma mtu, akarudi na jibu la kuwa mtoto hajambo. Siku ya tano tukaondoka wenyewe, pamoja na mama wa nyumba yetu, tukaenda kwao baada ya sala ya alasiri.

Binti huyo ni yatima wa baba. Mama yake hukaanga vitumbua, na yeye hulelewa zaidi na bibi yake. Tulimkuta bibi ameketi uani juu ya jamvi. Baada ya salamu tuliuliza khabari za mjukuu. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, nisikufiche. Mtoto haumwi. Wenziwe wamesema kila mmoja alete chupa ya manukato ya dukani, naye kamwuliza mama yake, mama yake akalia. Tangu hapo hataki chuo." Akaongeza, "Na mimi sikumlazimisha, maana haya za mtoto nazijua. Nami nilipokuwa mdogo nilikuwa nazo."

Hatukuwa na neno la kumjibu. Mwanafunzi alikuwa amebakisha juzuu tatu tu akhitimu, na kilichomtoa chuoni hakikuwa uvivu wala utundu, bali chupa ya manukato. Tukajiuliza: ni wangapi wengine tuliowaandika utoro, kumbe waliona haya?

Mama wa nyumba yetu ndiye aliyekuwa akitazama uani. Upande wa kisimani mlikuwa na mirehani iliyofika magotini, mchaichai mafungu mawili, kivumbasi kando ya ukuta na mwasumini uliopanda juu ya paa la jiko. Akasema, "Bibi, mirehani yote hii ni ya nani?" Bibi akajibu, "Ni ya anayetaka, mwanangu. Siku hizi hawaitaki." Hapo ndipo shauri lilipozaliwa. Tulirudi chuoni tukawaambia wanafunzi kwamba ahadi yao ya kupeana zawadi ipo pale pale, ila kwa sharti moja: kila zawadi iwe imetengenezwa kwa mkono, na wote tutaitengeneza pamoja, na majani yatatoka uani kwa bibi wa mwenzao. Siku ya pili yake binti akarudi, na hakurudi kinyonge. Alirudi na kikapu cha mrehani kichwani, naye ndiye aliyewaonyesha wenziwe namna ya kuchambua majani, kwani bibi yake alikuwa amemfundisha tangu utotoni.

Sasa twaeleza kwa nini tulichagua mshumaa. Watu wa pwani hawakosi zawadi za harufu. Tuna kikuba cha asumini, mrehani na mkadi. Tuna udi wa kupika. Tuna marashi ya waridi. Lakini kikuba hunyauka usiku ule ule, na udi mzuri una gharama ambayo si kila nyumba yaiweza. Mshumaa hukaa. Aliyepewa leo aweza kuuwasha baada ya miezi mitatu umeme utakapozimika, na akamkumbuka aliyempa. Tena mshumaa ni kitu chenye manufaa mawili kwa pamoja, nuru na harufu.

Baadhi ya wazee walituuliza swali zuri, nalo lafaa lijibiwe hapa: Je, mshumaa si kitu cha watu wa dini nyingine, nasi twaiga mambo yao? Tuliwajibu kwamba mshumaa tunaouwasha kwa ajili ya kuona na kunusa si ibada, kama taa ya mafuta isivyokuwa ibada. Na neno lenyewe, mshumaa, asili yake ni Kiarabu, sham', ambalo ni jina la nta. Mji wa Bijaya, ulioko pwani ya Algeria, ulikuwa ukiuza nta nyingi Ulaya katika karne za kati, hata Wafaransa mpaka leo huuita mshumaa kwa jina la mji huo, bougie. Mwanahistoria Al-Maqrizi wa Misri, aliyefariki mwaka 1442, ameliandika soko zima la watengeneza mishumaa katika mji wa Cairo, na jinsi biashara yao ilivyoshamiri katika mwezi wa Ramadhani. Na katika mji wa Salé nchini Morocco wako mafundi wanaotengeneza mapambo makubwa ya nta yenye rangi kwa maandamano ya mishumaa ya siku za Maulidi, desturi iliyoanza zama za Sultani Ahmad al-Mansur katika karne ya 16. Basi ufundi wa nta si mgeni kwa Waislamu. Kwetu ndiko ulikosahauliwa.

Na tuanze na nta. Mishumaa mingi ya madukani hutengenezwa kwa parafini, ambayo hutokana na mafuta ya petroli. Haikatazwi, lakini harufu yake si nzuri na haitoki kwetu. Nta ya nyuki twaipata kwa wauza asali wanaotoka Handeni, na wasomaji wa bara wataipata kwa wepesi zaidi, kwani Tabora na Kigoma zinajulikana kwa nta tangu zama za ukoloni. Anayesoma Suratun Nahl, aya ya 68 na ya 69, ataona jinsi Mwenyezi Mungu alivyomfunulia nyuki ajenge milimani, mitini na katika wanayoyajenga watu. Watu wengi husifu asali wakaitupa nta, ilhali zote mbili ni kazi ya mdudu yule yule.

Nta mbichi huwa na taka. Ichemsheni ndani ya maji kwa moto mdogo mpaka iyeyuke yote, ichujeni kwa kitambaa chembamba cha melimeli, kisha iacheni ipoe. Nta ni nyepesi kuliko maji, basi itaelea na kuganda juu kama kifuniko. Inueni, mkwangue uchafu ulioganda upande wa chini, kisha ianikeni kivulini mpaka ikauke kabisa. Ikibaki na maji, mshumaa utatatarika na kurusha cheche.

Pili ni majani. Katika kila ua wa pwani hakukosi moja ya haya: mrehani, mchaichai, kivumbasi, mnanaa. Kateni asubuhi umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali, kwani wakati huo ndipo harufu imejaa ndani ya jani. Yatandazeni juu ya ungo kivulini, siyo juani, siku nne au tano, mpaka yakifikichwa yavunjike. Jua huondoa harufu, na jani bichi huleta maji na kuyachachusha mafuta. Asumini msiitie katika kazi hii. Harufu ya ua hilo haihimili moto, itapotea yote. Iacheni asumini kwa kikuba, ndiko kwenye heshima yake.

Majani yakikauka, yafikicheni kidogo, mkaongeze karafuu chache zilizopondwa au kijiti cha mdalasini, myatie katika chupa yenye mdomo mpana. Mimineni mafuta ya nazi mpaka yawafunike. Hapo iwekeni chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto juu ya seredani yenye makaa machache, muiache kwa saa mbili au tatu. Maji yasichemke kwa nguvu, na wala tone lisiingie ndani ya chupa. Kisha chujeni kwa kitambaa na mkamue. Anayependa harufu izidi, atatia majani mengine makavu katika mafuta yale yale na kurudia mara ya pili.

Hapa yatupasa tuseme kweli. Harufu ya majani ya uani si kali kama ya chupa za dukani. Ni harufu ya upole, na nta nayo ina harufu yake ya asali, basi zote mbili hukaa pamoja bila kugombana. Anayetaka iliyo kali zaidi na anunue chupa ndogo ya mafuta ya karafuu au ya mchaichai yanayokamuliwa Unguja na Pemba, atie kijiko kimoja kidogo cha chai katika kila gramu 100 za nta, asizidishe. Mafuta ya karafuu ni makali, yasiguse ngozi wala macho ya mtoto. Na mtu asiwadanganye wenziwe kwamba mshumaa wa mchaichai au kivumbasi huzuia malaria. Mbu huenda wakapungua kidogo karibu yake, lakini kinga ya mlalaji ni chandarua.

Tatu ni kipimo. Kwa kila sehemu nne za nta tieni sehemu moja ya mafuta hayo ya nazi. Tuseme nta gramu 400 na mafuta gramu 100, nayo hutosha vikombe vidogo vya kahawa kama tisa. Vitabu vya nchi za baridi huongeza mafuta zaidi ya hapo, lakini mafuta ya nazi huyeyuka katika joto la nyuzi 24 hivi, na sisi wa pwani twajua kwamba aghalabu hatuyaoni yameganda. Mkiyazidisha, mshumaa wenu utakuwa laini kama uji siku ya kaskazi.

Nne ni utambi. Uwe wa uzi wa pamba tupu, kwani uzi wa nailoni huyeyuka na kutoa moshi mbaya. Sukeni nyuzi tatu kama nywele, mchovye katika nta iliyoyeyuka, muunyoshe ukiwa bado moto, uache ukauke. Utambi mwembamba mno huzama katika nta na kufa. Mnene mno hutoa moshi na kutia masizi kuta. Basi jaribuni kwanza katika kikombe kimoja kabla ya kujaza vyote.

Vyombo visinunuliwe. Kila nyumba ina vikombe vya kahawa vilivyopoteza wenzi, bilauri nene zisizo na ufa, na mikebe midogo ya bati. Kifuu cha nazi chapendeza macho, lakini kifuu ni kuni, msikitumie.

Kisha yeyusheni nta. Msiweke nta juu ya moto wenyewe abadan. Iwekeni katika chombo kidogo, na chombo hicho ndani ya sufuria ya maji, ili kinachoiyeyusha kiwe ni joto la maji. Nta huyeyuka katika nyuzi 62 mpaka 64, basi maji yasiyochemka yanatosha. Ikiyeyuka, changanyeni na mafuta, epueni, tieni matone ya harufu kama mnayo, mkoroge polepole kwa kijiti kikavu. Vikombe viwe vimepashwa joto kidogo ili visipasuke. Utambi usimamisheni katikati kwa vijiti viwili vilivyolazwa juu ya mdomo wa kikombe, kisha mimineni. Nta ikipoa hubonyea katikati. Bakisheni kidogo ya kujazia. Waacheni wapumzike siku mbili kabla hamjawasha, na utambi mkate ubaki kama nusu sentimita.

Kazi ya kuyeyusha na kumimina ni ya watu wazima. Watoto kazi yao ni kuchuma, kuchambua, kufikicha, kusuka tambi na kupamba, nayo yawatosha. Moto ukishika nta, zimeni seredani, funikeni chombo kwa kifuniko au kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, na msimwage maji. Maji yakiiangukia nta inayowaka hugeuka mvuke kwa ghafula na kuurusha moto mpaka juu ya dari. Tena katika picha nyingi huonekana mishumaa iliyopambwa kwa majani na maua makavu ndani yake. Yapendeza, lakini moto ukishuka majani hayo hushika na kuwa tambi nyingi pasipo mpango. Majani yabaki nje ya mshumaa. Ndani ibaki harufu yake.

Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake, na Mtume (S.A.W.) alipopewa khabari hiyo akasema kuwa moto ni adui, na akaamrisha uzimwe watu wanapolala. Na katika pokezi nyingine ametajwa panya aliyeuvuta utambi wa taa akaiunguza nyumba. Basi mshumaa hauwashwi chini ya pazia, wala karibu na chandarua, wala kwenye upepo, wala katika chumba alichoachwa mtoto peke yake, wala mtu halali nao unawaka. Mara ya kwanza uacheni uwake mpaka nta iyeyuke kufika ukingoni, yapata saa mbili kwa kikombe cha kahawa, usije ukachimba shimo katikati. Na kwa mtu mwenye pumu mwulizeni kwanza, kwani moshi wowote huenda ukamdhuru. Mambo haya tuliwaandikisha wanafunzi katika kikaratasi, wakayaandika kwa hati nzuri, na kila mshumaa ukaondoka na kikaratasi chake. Zawadi isiyokuwa na onyo lake si zawadi kamili.

Mishumaa ilipokuwa tayari, bibi yule alituletea vikapu vidogo vya ukindu alivyovisuka mwenyewe, kila kimoja cha kuingia kikombe kimoja. Wanafunzi wakavitandika vipande vya leso kuukuu zilizofuliwa, na juu ya kila kikapu wakafunga tawi moja la mrehani mbichi. Tawi hilo lilikuwa na maana yake. Imam Muslim amepokea katika Sahihi yake kwamba Mtume wetu aliagiza anayepewa mrehani asiurudishe, kwa sababu ni mwepesi kuuchukua na harufu yake ni nzuri. Tazameni hekima iliyomo. Hauna uzito mkononi wala hauna uzito moyoni: mpokeaji hajioni amebebeshwa deni, na mtoaji hajioni amejikamua. Tukawaambia watoto kwamba hicho ndicho kipimo cha zawadi njema.

Lakini jambo halikwenda lote kwa usawa. Mzazi mmoja mwenye uwezo alikuja kwetu siku mbili kabla ya Idi, ameudhika kidogo. Akasema binti yake ameaibika kupeleka kikombe cha kahawa kilichotiwa nta, na kwamba yeye amekwisha nunua kisanduku cha chupa za manukato kwa wanafunzi wote, na twende tukakichukue. Hapo tulikuwa katika njia panda. Kukikataa kungekuwa kumvunjia heshima mtu aliyekusudia wema, na tena imethibiti katika Bukhari kwamba Mtume hakuwa akirudisha manukato. Kukikubali kwa namna alivyotaka kungewarudisha watoto pale pale tulipowatoa, mmoja akiwa mtoaji na wengine wote wapokeaji.

Tulimwambia, "Ndugu yetu, manukato hayarudishwi, nasi twayapokea kwa mikono miwili. Lakini twakuomba mambo mawili. La kwanza, yasitolewe siku ile. Yagawiwe wazee wanaofagia msikiti na kina mama wanaoosha maiti, maana hao hakuna anayewakumbuka kwa harufu nzuri. La pili, mwache binti yako aje kesho asuke utambi na wenziwe." Alifikiri, akacheka, akakubali. Binti yake akaja, na kwa kuwa mkono wake ni mwepesi, tambi zake zilikuwa nzuri kuliko za wote. Siku ya Idi mzazi huyo alikaa baraza moja na mama wa vitumbua, kila mmoja ameshika kikapu cha ukindu, na hapana aliyeweza kutambua ni kipi kimetoka katika nyumba ipi. Hilo ndilo tulilolitaka.

Huenda msomaji akauliza, je, kwa kusema haya twaharimisha zawadi za dukani? Hasha. Biashara ni halali, na mwenye wasaa na atoe kwa wasaa wake. Tunalolipinga ni zawadi kufanywa mizani ya kuwapimia watu. Mtu anapokopa ili apeleke zawadi, na anapoacha kwenda kwa ndugu yake kwa sababu hakukopeshwa, hapo pana maradhi. Na katika Suratu Bani Israil wabadhirifu wameitwa ndugu wa mashetani. Ubadhirifu si wa tajiri peke yake. Masikini anayekopa ili aonekane naye yuko karibu na hatari hiyo hiyo.

Twawaambia vijana nao neno moja. Siku hizi salamu za Idi hupelekwa kwa simu, picha moja ikatumiwa watu mia kwa kidole kimoja. Si vibaya, na kwa aliye mbali ni neema. Lakini jirani wa ukuta kwa ukuta haamkiwi kwa picha. Kazi ya mkono ina khabari ambayo picha haina: mpokeaji anajua ya kuwa kuna saa fulani ulikaa ukamfikiria. Saa hiyo haiuzwi dukani, na masikini na tajiri wote wamepewa sawa, saa 24 kwa siku.

Nanyi wazazi, tazameni uani kwenu kabla hamjatazama mfukoni. Asiye na ua ana kopo bovu na dirisha, mrehani hauchagui. Mbegu zake ni ndogo, hutawanywa juu ya udongo laini na kufunikwa kidogo tu, humwagiwa maji kila jioni, na baada ya miezi miwili hivi huwa tayari kukatwa. Usikatwe wote, ukikatwa ncha huchipua matawi mawili mahali pa moja, na hiyo yenyewe ni somo kwa anayetoa. Mwenye kupanda mwezi wa Rajabu ataufikicha katika Ramadhani, na Shawwali itakapoandama hatakuwa na sababu ya kukaa ndani na kusema anaumwa na kichwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azifungue nyumba zetu kwa wageni na mikono yetu kwa majirani, na atujaalie zawadi zetu ziwe nyepesi kama mrehani. Wabillahi taufiq.